Manukato Yaliyosahauliwa na Hali Yanayoirudisha

Chupa ya manukato iliyokaa kabatini miaka mingi inapofunguliwa, mtu anaweza kuingiwa na furaha ya sikukuu ya zamani, au na wasiwasi wa nyumba yenye mgonjwa, kabla hajakumbuka ilikuwa siku gani wala nyumba ya nani. Hali ya moyo hutangulia na kumbukumbu hufuata. Mara nyingine kumbukumbu haifiki kabisa. Swali linalozaliwa hapo ni zito: muda wote huo hali hiyo ilikuwa wapi?

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alilikaribia swali hili katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alichokiandika karibu na mwaka 400. Aliona kuwa anaweza kutofautisha moyoni harufu ya yungiyungi na ya urujuani bila kunusa chochote. Kilichomshughulisha zaidi ni kwamba aliweza kuikumbuka huzuni yake ya zamani bila kuhuzunika, na furaha yake bila kufurahi. Akaifananisha kumbukumbu na tumbo la nafsi, ambamo chakula kitamu na kichungu huingia, lakini ladha yake haionjwi tena.

Maelezo hayo yanaifaa vizuri kumbukumbu inayoitwa kwa makusudi. Anayejitahidi kuikumbuka harusi ya dada yake hupata habari za harusi: nani alikuja, nani aliimba, mvua ilinyesha saa ngapi. Manukato yaliyosahauliwa hufanya kinyume chake. Hurudisha ladha yenyewe, hata pale ambapo habari zimepotea. Huenda Augustino hakulifuatilia jambo hili kwa kuwa harufu nzuri hazikuwa na mvuto mkubwa kwake. Katika kitabu hichohicho anasema hakuzitafuta zilipokosekana, wala hakuzikataa zilipokuwapo.

Aliyelisogelea zaidi ni Condillac, mwanafalsafa wa Ufaransa. Mwaka 1754 alibuni mfano wa sanamu ya mtu isiyo na hisi yoyote, akaijalia kunusa peke yake. Sanamu hiyo ikisogezewa waridi, haiwezi kujua kwamba nje yake kuna ua. Kwa jinsi inavyojihisi, yenyewe ndiyo harufu ya waridi. Mfano huu wa ajabu una ukweli mkubwa. Mtu anayekutana ghafla na manukato ya utotoni mwake hasimami kando akiitazama hali iliyopita. Kwa kitambo kidogo hana pa kusimama nje yake.

Mwili una sababu zake. Habari za macho na masikio hupitia kwanza sehemu ya ubongo iitwayo thalamasi, lakini za pua huifikia amigdala, yenye kazi kubwa katika hofu na furaha, kwa njia fupi zaidi. Hata hivyo njia haielezi mzigo unaopita juu yake. Ubani ni uleule kwa kila pua, lakini kwa mmoja ni Misa ya Krismasi, kwa mwingine ni maulidi, na kwa wa tatu ni matanga ya bibi yake. Kwa hiyo hali haimo ndani ya chupa. Wala haimo katika nafsi peke yake, kwani mwenyewe hawezi kuiita ikaja bila harufu ile. Imo katika fundo lililofungwa siku fulani kati ya viwili hivyo.

Fundo hilo huhifadhiwa kwa kuyaacha manukato. Anayejipaka halud ileile kila Ijumaa huifunga na Ijumaa zake zote, na baadaye hakuna hata moja inayojitenga na nyingine. Iliyowekwa kando baada ya mwaka mmoja hubaki na mwaka huo.

Sheria ya Kiislamu inajua kuweka manukato kando. Aliyehirimia Hija au Umra hajipaki. Bibi Aisha amesimulia kwamba alikuwa akimpaka Mtume manukato kabla ya kuhirimia, na tena alipotoka katika ihramu, kabla hajatufu. Mjane naye huyaacha muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi. Simulizi lenye uzito zaidi ni la Ummu Habiba, mke wa Mtume. Baada ya kupata habari za kifo cha baba yake, Abu Sufyan, aliagiza manukato akajipaka, akaeleza kwamba hakuwa na haja nayo. Alifanya hivyo kwa kuwa alimsikia Mtume akikataza mwanamke kumwekea maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume.

Tendo lake linafundisha jambo ambalo wanafalsafa wa kunusa hawakulitaja. Alijipaka bila kungoja moyo uwe tayari, na sheria haikumdai moyo uliochangamka. Vivyo hivyo mjane anayetoka eda: anaruhusiwa kujifukiza udi aliokuwa akimfukizia mumewe, na hakuna anayemwamrisha aufurahie. Moshi wa chetezo unaweza kumletea siku za ndoa, au kutokuwapo kwa mume, au vyote kwa pamoja.

Lakini je, hali inayorudi hivyo ni shahidi wa kweli wa siku zilizopita? Manukato yenyewe hubadilika. Yale ya spiriti hupoteza kwanza harufu nyepesi za ndimu na machungwa, yakabaki na zile nzito, kama sandali. Viwanda navyo hubadilisha michanganyiko, jina likabaki lilelile. Ndiyo maana mwaka 1990 ilianzishwa huko Versailles hazina iitwayo Osmothèque, inayotunza manukato yasiyotengenezwa tena. Na anayenusa amebadilika kuliko chupa. Furaha ya harusi inayomrudia mjane inakuja ikiwa imechanganyika na kujua kwamba mume amekwenda, jambo ambalo halikuwamo siku ya harusi. Anachohisi ni cha leo, ingawa kimeamshwa na cha zamani. Kwa upande huu Augustino alikuwa sahihi: ladha ya kwanza hairudi ilivyokuwa.

Baada ya kuyapata tena, mwenye manukato anabaki na uamuzi. Akiyatumia kila siku, fundo la zamani hulegea na harufu huanza kushika mambo ya sasa, ya safari za daladala, ya kazini, ya wageni wapya. Akiyafungia, yataendelea kuchakaa polepole ndani ya chupa.