KHABARI YA FASIKI NA WAJIBU WA MWANAFUNZI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyemwumba Adamu kwa udongo, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Mwanafunzi wa Sumbawanga au wa kijiji cho chote cha Ufipa aweza kuangukiwa mkononi na maandiko yenye kutukuza kabila moja na kutweza jingine. Wako wazee waonao kuwa dawa ni kumnyang'anya. Lakini karatasi iliyokatazwa husomwa kwa siri, na lisomwalo kwa siri halina wa kulisahihisha. Jina la Sumbawanga husemwa kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Wala uchawi hautupwi na asiyejua umefichwa wapi. Basi yapasa mwalimu aketi na mwanafunzi wake, wasome pamoja kwa mizani ya dini.

Mizani hiyo imo katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Waumini wameamrishwa humo kwamba fasiki akileta khabari waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Wafasiri wengi wamesema kuwa iliteremka kwa sababu ya khabari ya uwongo juu ya Banu Mustaliq, ambao nusura wapigwe vita kwa neno la mtu mmoja.

Na ulitazame mfano wa gazeti la Kangura, lililoanza kutolewa Rwanda mwaka 1990. Mwezi wa Disemba mwaka huo lilipiga chapa amri kumi kwa Wahutu. Miongoni mwake: Mhutu amwoaye mwanamke wa Kitutsi ni msaliti, na Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa na jina la Kiislamu. Wala jina halitakasi maandishi.

Kwanza mwanafunzi na aulize: khabari hii imepokewa kwa nani? Wanazuoni wa Hadithi hawalitii neno lisilo na isnadi. Gazeti lilidai kuwa kila mwanamke wa Kitutsi, po pote alipo, hulitumikia kabila lake. Ni nani aliyewauliza wanawake wote hao?

Pili na aulize: je, hukumu yatoka katika hoja? Watutsi waliitwa wageni waliotoka mbali, kwa hivyo hawana haki katika nchi. Hata Ufipa ina masimulizi ya wageni, watawala walioitwa Watwa, nao si Watwa wa Rwanda, waliofika Milansi wakautwaa ufalme kwa mwenyeji. Lakini kisa cha kale cha nani alitangulia kufika hakimhalalishii mtu damu ya jirani yake.

Tatu na aulize: maandiko haya yaamuru nini? Yaamuruyo kung'oa huruma yamekwisha kujihukumu. Wa kwanza kujifakhari kwa asili yake ni Iblis, aliyeuona moto kuwa bora kuliko udongo. Na aya ya 13 ya sura ile ile yabainisha kuwa makabila yamefanywa ili watu wajuane, na aliye mtukufu ni amchaye Mungu zaidi.

Asemaye kuwa maneno ni maneno tu, na akumbuke Aprili 1994. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 500,000, na wengine wahesabu 800,000 na zaidi. Wala Wahutu hawakupata fahari waliyoahidiwa: mwishoni mwa Aprili hiyo, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 200,000 na zaidi, wengi wao Wahutu, walivuka Rusumo wakaingia Ngara hawana kitu. Tarehe 3 Disemba 2003 mahakama ya Arusha ilimhukumu Ngeze, pamoja na Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mwalimu wa tarehe katika chuo kikuu. Elimu peke yake haikumkinga.

Na katika Rwanda hiyo hiyo Waislamu wengi waliwaficha jirani zao majumbani na misikitini, ijapokuwa wamo pia walioua. Waliowaficha walizisikia khabari zile zile, ila hawakuzitii.

Basi mwanafunzi asiogope kusoma; na aogope kusadiki kabla ya kuchunguza. Na mwalimu asichoke kuulizwa. Mwenyezi Mungu awape wanafunzi wa Ufipa macho ya kuipambanua haki na batili, na mioyo isiyomchukia mtu kwa nasaba yake. Amin.