Madeni Mawili ya Mkono Uliokatika

Katika viwanda vya mkonge vya Tanga, majani mabichi hupangwa kwa mikono juu ya mnyororo unaoyapeleka kwenye korona, mtambo wenye magurudumu mazito yanayoponda nyama ya jani mpaka zikabaki singa tupu. Singa hizo huoshwa, huanikwa juani, kisha hupitishwa kwenye mashine ya brashi. Kote huko mkono wa mtu uko jirani na chuma kinachozunguka. Ukinaswa, jambo huwa limekwisha kabla mwenye kuzima mtambo hajageuza shingo.

Yanayofuata yana utaratibu wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri huchangia, na aliyeumia kazini hulipiwa matibabu, hupewa malipo ya muda ambao hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kadiri ya ulemavu huo. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini katika orodha ya mafao yaleyale kuna fao moja ambalo wafanyakazi wengi hawalitaji wakizungumzia fidia: utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arejee kazini, katika kazi yake ya zamani au nyingine anayoiweza. Fao hilo linaibua swali la zamani kuliko viwanda vyenyewe. Mtu akishalipwa thamani ya mkono wake, je, deni limekwisha?

Vitabu vya dini vimelishughulikia swali hili kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Torati, katika Kutoka 21, inamtaka aliyemjeruhi mwenziwe katika ugomvi alipe muda ambao majeruhi hakufanya kazi na ahakikishe ametibiwa mpaka akapona. Fiqhi ya Kiislamu inaingia ndani zaidi. Diya kamili, yaani fidia ya uhai wa mtu, ni ngamia 100, mkono mmoja ni nusu yake, na kila kidole ni ngamia 10, gumba sawasawa na kidole cha mwisho. Fundi cherehani angeona hesabu hiyo inamdhulumu, maana gumba ndilo linaloshika kitambaa. Na kweli, majedwali ya fidia ya zama hizi hulipa gumba asilimia kubwa zaidi, kwa kuwa yanapima matumizi ya kiungo.

Hata hivyo, usawa ule wa vidole una maana yake. Diya haiulizi mkono ulikuwa ukiingiza kiasi gani kwa mwezi. Inauheshimu mwili wenyewe, wa tajiri na wa kibarua, kwa kipimo kimoja. Riziki imewekwa mahali pengine, na mahali hapo panaonekana katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik na kuandikwa na Abu Daud.

Mtu mmoja katika Ansari, Waislamu wa Madina, alimwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa nyumbani ana nini. Alikuwa na nguo nzito, sehemu akijifunika na sehemu akiitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu ya kwanza ikanunua chakula cha nyumbani. Ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwagiza yule mtu akakate kuni auze, wasionane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu 10.

Mtu yule hakuwa majeruhi, alikuwa fukara tu. Lakini mpangilio wa msaada ule ni darasa tosha. Chakula kilitangulia, ndipo kikaja chombo cha kazi. Chombo hakikutupwa mikononi mwake kikiwa chuma kitupu, kilitiwa mpini ili kimfae yeye. Muda uliwekwa, na siku ya kurudi kutazama matokeo ikawekwa pia. Leo mtaalamu wa utengamao akieleza kazi yake, ataeleza hayohayo.

Wakristo nao wana simulizi yao. Injili zinataja mtu aliyepooza mkono akaponywa siku ya Sabato, na Luka anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Mtakatifu Jeromu, katika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo, alihifadhi habari kutoka injili nyingine iliyotumiwa na Wakristo Wayahudi: kwamba mtu huyo alikuwa mwashi, aliyekula kwa jasho la mikono, na aliomba aponywe ili asiishi kwa kuombaomba akiaibika. Habari hiyo haimo katika Biblia, lakini ina ukweli ambao kila fundi anaujua. Mwashi yule hakulalamikia maumivu. Alililia mwiko wake.

Basi madeni ni mawili. La kwanza ni la mwili, nalo hulipwa kwa fedha kwa kuwa hakuna njia nyingine. La pili ni la nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake, na hili fedha hazilimalizi. Mwajiri anayelipa la kwanza na kulisahau la pili amemlipa mfanyakazi aende zake.

Ukubwa wa deni hilo la pili huonekana nyumbani. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kawaida methali hiyo humwonya mgeni mvivu. Lakini jembe lile pia ni heshima: anayepewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji. Mfanyakazi aliyekatika mkono akarudishwa kwake na hundi huanza kuishi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Anatengewa chakula, anaambiwa apumzike, na mashauri ya nyumba yanapitishwa pembeni.

Udaktari nao ulijifunza polepole kuitazama kazi ya mgonjwa. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliandika kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akawahimiza madaktari wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Wajerumani walipoanzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, haikuchukua miaka mingi kabla ya kufungua, mwaka 1890, hospitali ya wachimba makaa waliojeruhiwa huko Bochum. Mpaka leo kanuni yao ni utengamao kwanza, pensheni baadaye.

Kwa vitendo kazi ya utengamao ni ya mambo madogo madogo. Mtaalamu huenda kiwandani kutazama: mzigo una kilo ngapi, swichi iko upande gani, meza ina kimo gani, ngazi zina vidato vingapi. Mara nyingine inatosha kuhamisha swichi. Mara nyingine mtu wa korona hufundishwa kupima na kuandika marobota ya singa, au hupelekwa chuo cha ufundi kama kile cha Yombo, Dar es Salaam, kinachofundisha watu wenye ulemavu. Na kadiri mtu anavyokaa nyumbani muda mrefu ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu, kwa hiyo shauri hili linapaswa kuanza angali wodini.

Kuna hatari upande wa pili, nayo isifichwe. Mfuko wowote unaolipa pensheni una sababu ya kutamani aliyeumia atangazwe amepona. Utengamao ukigeuka fimbo ya kumrudisha mtu kazini kabla ya kidonda kukauka, ni dhuluma mpya juu ya ile ya kwanza. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alishikilia kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na aliwatetea watu wenye ulemavu washiriki katika kazi kwa kadiri ya uwezo wao. Kadiri hiyo haiwezi kupangwa na mhasibu peke yake. Aliyeumia ana haki ya kusema bado.

Wengine hawajafikiwa kabisa: dereva wa bodaboda asiye na mwajiri, kibarua wa ujenzi asiye na mkataba. Hao msaada wao ni msikiti, kanisa, jamaa na vikundi vya kuweka akiba. Vikundi hivyo vichangapo fedha za hospitali, na vifikirie pia shoka na mpini wake. Na mwajiri aliyekwisha kujaza fomu za fidia aende akamtembelee mtu wake wodini, amuulize anataka kurudi kwenye kazi ipi, kisha amwekee nafasi hiyo.