Amewaachia Nini?



Kila azikwapo mzee miongoni mwetu, swali moja hunong'onwa hata kabla udongo wa kaburi haujakauka: "Amewaachia nini?" Swali hilo liliulizwa pia juu ya mhandisi mstaafu wa kanisani kwetu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Mzee Injinia. Kwa miaka mingi alisimamia ujenzi wa madaraja, visima na madarasa. Walakini amemwachia mjane wake nyumba ya vyumba vitatu na shamba la ekari mbili. Wakatokea waliosema, "Alikuwa mcha Mungu kweli, lakini familia yake hakuifikiria." Je, neno hilo ni la haki?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kwa desturi ya mafundi, zege huchanganywa kwa kipimo: saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne. Saruji ikipunguzwa, au zege lisipomwagiliwa maji siku zake za kwanza, apitaye njiani hawezi kujua, kwa maana plasta hufunika yote. Kosa hujionyesha baada ya miaka, ukuta unapopasuka, na pengine chini yake wamekaa watoto wa shule. Ndiyo sababu mkandarasi hangoji fedha tu, hungoja sahihi ya mhandisi. Sahihi hiyo ina wanunuzi, nao huja usiku. Mafundi waliofanya kazi chini ya Mzee Injinia wanashuhudia kwamba yeye hakuiuza, na kwamba aliwahi kuamuru msingi uliokwisha kumwagwa uvunjwe, uanzwe upya.

Kanisa letu la Anglikana lamkumbuka mhandisi mwingine, Alexander Mackay wa Scotland, aliyetumwa na CMS mwaka 1876. Mwaka 1877 alisimamia kazi ya kufyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata maili 230. Kisha akaenda Uganda, akafundisha ufundi na kupiga chapa sehemu za Maandiko. Alifariki mwaka 1890 huko Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, bila mke wala mtoto. Juu yake hakuna aulizaye amewaachia nini.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Uaminifu wa mtu asiye na mke humgharimu yeye mwenyewe. Uaminifu wa baba hulipwa na mama na watoto pia: kwa viatu vilivyoshonwa mara ya tatu, na kwa karo inayolipwa kidogo kidogo. Naye Mtume Paulo alimwonya Timotheo vikali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Basi wanaomlaumu marehemu hawasemi upuuzi. Wana haki ya kujibiwa.

Jibu langu ni hili. Mzee Injinia aliwatunza wa kwake kwa mshahara wake na kwa jembe lake. Tena hakuwabebesha mzigo pasipo kuwaambia. Mkewe alijua kilichokataliwa na kwa nini. Na baada ya Sala ya Jioni watoto walielezwa, kadiri ya umri wao, mbona jirani wana gari na wao hawana. Aliwafanya washirika wa uaminifu wake. Kuwapenda jamaa kwa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kuwajengea ghorofa.

Na tufikiri upande wa pili. Mkate ulionunuliwa kwa saruji iliyoibwa umetolewa chini ya vichwa vya watoto wa wengine. Upendo unaomshibisha mwanangu kwa kumhatarisha mwana wa jirani ni ubinafsi uliovaa joho la upendo. Wazee walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Watoto wa marehemu wanaweza kupita juu ya kila daraja la baba yao bila kuinamisha macho. Huo nao ni urithi, ijapokuwa hauandikwi katika wosia.

Lakini sisi tuliobaki tuna deni. Siku ya harambee ya kanisa, mgeni rasmi hutafutwa kwa ukubwa wa fedha zake, wala hatuulizi zimetoka wapi. Vijana wanaona ni nani tunayemketisha mbele, nao wanajifunza kutoka kwetu kuliko kutoka mimbarini. Tukimsifu mwaminifu siku ya maziko yake tu, na siku nyingine zote tukamheshimu mwenye mali, sifa zetu ni plasta.

Bati la nyumba ya mjane huyo linavuja. Ikiwa kweli tunaamini kwamba uaminifu wa mumewe ulitufaa sisi sote, basi gharama yake isiwe ya mama huyo peke yake. Masika yako karibu, na mafundi tunao hapa hapa kanisani.