Hodi Isiyo na Saa

Fundi wa mtandao anayewinda hitilafu ya usiku huiachia ruta kazi ya kubisha hodi. Huandika amri ya pingi, huweka anwani ya seva ya mbali, huagiza hodi maelfu kadhaa, kisha hujinyoosha. Ruta za Cisco hujibu kwa alama tu: mshangao kwa kila hodi iliyoitikiwa, nukta kwa kila iliyopita kimya. Alfajiri skrini imejaa mishangao, na katikati yake zimefuatana nukta kumi na nane. Mtandao ulikatika, hilo halina ubishi. Ulikatika saa ngapi?

Skrini haisemi. Kuhesabu alama hakusaidii sana, maana hodi ikiitikiwa nyingine hutoka papo hapo, ilhali isiyoitikiwa husubiriwa sekunde mbili kabla ya kukatiwa tamaa. Fundi ana tukio mkononi, ila hajui pa kuliweka katika usiku ule.

Mike Muuss aliandika programu ya pingi Desemba 1983, alipokuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kungoja mwangwi. Maswali ya pingi yalikuwa mawili: upo? Na umechukua muda gani kuitika? Aliyekaa mbele ya skrini hana haja ya swali la tatu, saa ngapi, kwa kuwa saa anaiona mwenyewe. Swali la tatu ni la asiyekuwepo.

Hapo ndipo jambo dogo la ufundi linapogusa swali zito la falsafa: nini hugeuza tukio kuwa ushahidi? Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilishughulikia karne nyingi kabla ya kompyuta. Hawakuridhika na mtu kusema amesikia kwa fulani. Walichunguza kila msimulizi alizaliwa lini, alifariki lini, alisafiri wapi. Aliyedai kusikia kwa shekhe aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, mnyororo wake wa wasimulizi ulikatika hapo hapo, hata kama maneno aliyoyaleta yalikuwa mazuri. Na Kurani, katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe. Tarehe ndiyo inayompa mtu mwingine nafasi ya kukagua.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Nukta za fundi wa Kampala na nukta za fundi wa Dar es Salaam, bila saa, ni malalamiko mawili yasiyokutana. Zikiwa na saa, zinaweza kulazwa ubavu kwa ubavu ikaonekana kwamba ni kilio kimoja.

Kuipachika saa si kazi kubwa. Kwenye Linux, pingi ikiongezewa herufi D hutanguliza kila mstari kwa hesabu ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Namba 1715500000, kwa mfano, ni Jumapili ile ile ya Mei, saa nne na dakika 46 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Pasipo na nyongeza hiyo, fundi huandika skripti fupi inayosoma saa ya ruta kabla ya kila hodi.

Lakini saa ya ruta nayo imetoka wapi? Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi huamka zikidhani ni mwaka 1970. Huponywa na NTP, utaratibu wa kulinganisha saa ulioasisiwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Ruta huiuliza seva ya saa, hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha hugawa kwa mbili, ikichukulia kwamba njia mbili hizo ni sawa. Mwaka 1905, akiwa Bern, Einstein alionyesha kwamba saa mbili zilizo mbali hulinganishwa kwa kukubaliana kwanza kuwa nuru huenda na kurudi kwa muda ule ule. Kumbe ili ruta ishuhudie hodi zake, lazima kwanza nayo ibishe hodi kwa mwingine na kuliamini jibu.

Imani hiyo si ya upofu. NTP ikipangwa vizuri huuliza seva kadhaa na kumwacha kando anayepingana na wenzake, kama kadhi mbele ya mashahidi. Hata hivyo inabaki imani: hakuna kifaa mtandaoni kinachoijua saa kwa nafsi yake peke yake.

Watengenezaji wa ruta za Cisco waliliwekea jambo hili alama. Saa ambayo haijathibitishwa popote hutanguliwa na kinyota. Ruta inaitaja saa, na papo hapo inakiri kwamba haina wa kuidhamini. Fundi mwangalifu anayekuta kinyota hicho alfajiri hupiga simu yake ya kwanza kwa msimamizi wa seva ya saa. Kampuni inayomuuzia intaneti itasubiri kidogo.