Juu ya Vitu Vitamu na Majaribu

Mwezi uliopita tulipokuwa tukifundisha darasa la Kipaimara hapa Kapalamsenga, kijana mmoja alituuliza, "Mchungaji, je, kupenda vitu vitamu ni dhambi?" Tulimjibu upesi kwamba sivyo, tukaendelea na somo. Lakini usiku ule jibu letu halikututosha. Tulikumbuka sanduku moja la karatasi lililofungwa kwa uzi, nasi twaona yafaa kuwaeleza habari zake, ijapokuwa si habari za kutupa sifa.

Mwaka 2010 tulitumwa Bujumbura kwa mkutano. Wabelgiji, walioitwaa nchi ile mwaka 1916 na kuitawala hata 1962, waliacha huko desturi nyingi, na mojawapo ni maduka ya maandazi ya Kifaransa. Asubuhi ya kwanza tulipita mbele ya duka la namna hiyo. Macho hayana pazia. Nyuma ya kioo yalipangwa maandazi yenye umbo la mwezi mwandamo, yaitwayo kroasa, na mikate midogo yenye chokoleti ndani, na keki zilizopambwa kwa matunda. Sisi tuliolelewa kwa ugali na migebuka, na andazi la mafuta siku ya sikukuu, tulisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Siku ile hatukuingia. Siku ya pili tuliingia.

Kroasa si kazi ndogo. Mwokaji hukanda unga wa ngano na hamira, hutandaza siagi baridi katikati, hukunja, husukuma, huuacha unga upumzike, kisha hukunja tena, mara kadhaa, hata unga na siagi huwa kama kurasa za kitabu. Katika tanuru maji yaliyomo ndani ya siagi hugeuka mvuke, nao huziinua zile kurasa na kuzitenganisha. Twasema wazi: tulikula tatu tungali tumesimama, wala hatuoni kwamba tulikosa. Ustadi wa namna ile wastahili kushukuriwa.

Tena sisi Walutheri tusiwe wepesi wa kuihukumu siagi. Zamani huko Ulaya ilikatazwa wakati wa Kwaresima, na aliyeitaka alinunua ruhusa. Mjini Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu huitwa hata leo Mnara wa Siagi, kwa kuwa fedha za ruhusa hizo zilisaidia kuujenga. Mwaka 1520 Luther aliwalaumu vikali waliouza uhuru ambao Wakristo walikwisha kuwa nao bure.

Kosa letu lilikuwa kwingine. Siku ya kuondoka tulinunua kroasa sita: ya mama wa watoto wetu, za watoto watatu, ya bibi yao, na ya mzee wa kanisa aliyetukopesha nauli. Tulifika Kigoma, tukapanda Liemba, meli iliyokuwa ingali ikisafiri ziwani miaka ile. Usiku tulilala sitahani katikati ya magunia, na harufu ya siagi ikatoka sandukuni. Moyo ukasema, "Maandazi haya huharibika upesi, na safari bado ni ndefu." Na neno hilo, ndugu, lilikuwa kweli! Kroasa iliyolala haina tena uzuri wake. Tukala moja. Kisha moyo ukasema, "Sasa hazitoshi, nyumbani zitaleta ugomvi." Nalo lilikuwa kweli. Kabla ya kupambazuka sanduku lilikuwa tupu. Tulikula gizani, tumewapa abiria kisogo.

Tulikuwa tukidhani kwamba mjaribu huja na uongo tu, na kwamba sisi tuliosoma chuoni twaweza kuutambua. Lakini someni tena habari za Hawa. Nyoka alisema uongo, twajua; walakini mti ulikuwa mzuri kwa chakula, nao ulipendeza macho, na katika hayo Hawa hakudanganyika. Maneno ya kweli yaweza kupangwa moja nyuma ya jingine, hata yakamfikisha mtu mahali asipotaka kuonekana. Nasi tungaliweza kujipima kwa urahisi: kama hofu yetu ilikuwa kuharibika kwa chakula, mbona hatukumgawia jirani yetu aliyelala na njaa, kichwa chake kikikaribia kuugusa mguu wetu?

Tulishuka Karema, tukafika nyumbani, nalo sanduku tulikuwa tumelisahau mkobani. Binti yetu mdogo akaliona, akatia pua ndani, akauliza, "Baba, humu mlikuwa na nini?" Tukamjibu, "Mkate, mwanangu, lakini uliharibika njiani."

Neno hilo halikuwa kweli. Mama yake alitutazama, asiseme kitu.

Juma lijalo tutamrudia yule kijana wa Kipaimara na swali lake. Lakini binti yetu, ambaye sasa ni mtu mzima naye yuko Mpanda, anastahili kusikia kwanza. Barua yake iko mezani hapa. Tumekwisha kuianza mara mbili.