Masalia ya pilau si sadaka kwa nyani

Nianze kwa kukiri, maana waliokosea ni mimi na jamaa zangu. Mwaka juzi, siku ya tatu ya Iddi, tulikodi Coaster, watu 26 wa ukoo mmoja, tukatoka Dar es Salaam baada ya swala ya Alfajiri kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mikumi wengi wetu tunaijua kwa dirishani tu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi hiyo kwa kiasi cha kilomita 50, na hata abiria asiyelipa kiingilio huona twiga na tembo bure. Safari hii tulitaka kuingia ndani, tukae kivulini, tuchome mishkaki na watoto wamuone simba.

Kikao cha maandalizi kilifanyika nyumbani kwa shangazi. Tulijadili nauli, kiingilio, maji ya kunywa na ya udhu, nani abebe mkeka wa kuswalia, nani aroweke nyama usiku. Mambo mawili hayakutajwa na mtu yeyote: chakula kitakachobaki kiende wapi, na taka zirudi na nani. Mchele ukapimwa kilo saba. Anayepika shughulini anajua kuwa kilo moja ya pilau inashibisha watu saba au wanane. Kwa watu 26, wakiwemo watoto tisa, kilo nne zingetosha na kubaki. Lakini sisi watu wa pwani tunaona aibu sufuria ikikwanguliwa mbele ya wageni, hata pale ambapo hakuna mgeni.

Siku hiyo mahali palipotengwa kwa kula pamejaa, familia kwa familia. Mkaa tuliuwasha pale tulipoelekezwa, kwa sababu kuwasha moto popote upendapo ndani ya hifadhi ni kosa, na kwa majani yaliyokauka ya uwanda wa Mkata cheche moja inatosha. Tukala, tukashiba, tukaswali. Robo tatu ya sufuria moja ikabaki. Hapo ndipo alipotokea nyani jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Shangazi akamwonea huruma. Akajaza sahani pilau na mfupa, akamsogezea huku akisema kila chenye roho kina haki yake. Watoto wakashangilia. Mimi nilipiga picha.

Askari wa hifadhi alikuja mbio, akatusemesha kwa adabu kuliko tulivyostahili. Alieleza kwamba nyani akishazoea chakula cha mkono wa mtu haombi tena, ananyang'anya. Leo anapewa sahani, kesho anamrukia mtoto kwa ajili ya andazi. Na nyani akifikia hatua ya kujeruhi watu, mara nyingi mwisho wake ni risasi.

Njiani kurudi, Coaster nzima iligeuka baraza. Binamu yangu mmoja alisimama na hadithi ya nia, ile inayofungua mkusanyiko wa Imam Bukhari. Shangazi alikusudia wema, akasema, basi ana ujira wake. Sikuweza kumpinga, na hata leo simpingi. Mjuzi wa nia za waja ni Allah (s.w.). Lakini nia ya shangazi haikuugeuza wali kuwa dawa. Mtu anayempa mgonjwa wa kisukari soda kwa mapenzi huenda akalipwa kwa mapenzi yake, na mgonjwa akaanguka vile vile. Baada ya kuelezwa madhara, je, nia ile ile itatufaa tukirudia?

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi. Ile ilikuwa sadaka kweli? Qur'an, katika Sura Aali Imran aya ya 92, inatufundisha kuwa wema haufikiwi mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Sisi tulitoa tulichokuwa tunatafuta pa kukitupa. Nyani alitusaidia kuondoa aibu ya israfu, tukamwita masikini wetu.

Tunayo pia hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Tunaisimulia kwa watoto tukitia mkazo kwenye chakula alichonyimwa. Tukumbuke shitaka lake lilikuwa na upande wa pili: hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa hiyo kumwacha mnyama ale riziki yake nako ni huruma. Nyani wa Mikumi hali pilau. Anakula mbegu za majani, mizizi, matunda na hao hao wadudu, katika hifadhi iliyotengwa rasmi mwaka 1964, ambayo sasa ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Alikuwa na meza yake kabla hatujatandika yetu.

Kijana mmoja alikuwa na hoja nzito kuliko zote. Alisema wanyama siku hizi wanathaminiwa kuliko watu, na kuna wanakijiji kando ya hifadhi ambao tembo wanawamalizia mahindi. Malalamiko ya wanakijiji hao ni ya haki, na sitaki kuyapuuza. Ila nilimuuliza: nyani aliyefundishwa na sisi kupenda chakula cha watu, akikikosa hifadhini, atakwenda shamba la nani? Si letu sisi wa Ilala. Alinyamaza, kisha akasema bado hajakubali. Sawa.

Chupa tulizoziacha chini ya mti zilikuwa kumi. Nilizihesabu kwenye picha yangu, nyuma ya nyani, tulipokwisha kufika nyumbani. Tulikuwa tumewahimiza watoto wasimwage maji ovyo wakati wa udhu, na watoto wakatii.

Iddi hii tumekutana tena kwa shangazi kupanga safari. Yeye mwenyewe ndiye aliyepima mchele, kilo nne, na ametaka mifuko miwili ya taka iandikwe kwenye orodha pamoja na mkeka. Mjomba amelalamika kuwa tutaaibika. Shangazi amemjibu kwamba anayeogopa kulala njaa abebe mkate wake.