Kamera Inamwonea Nani Huruma?

Mwaka 2001 televisheni ya Animal Planet ilianza kuonyesha Animal Precinct: maofisa wa kutetea wanyama jijini New York wanagonga mlango, mbwa aliyekonda anaokolewa, mwenye mbwa anatiwa pingu. Watazamaji wanamlilia mbwa, mtu wanamzomea.

Jamani, sitetei ukatili. Nasi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na punda anayechapwa Bariadi anastahili mtetezi. Lakini kukamata ni kazi moja, kuanika ni nyingine. Mahakamani mshtakiwa hujieleza. Kwenye kamera anapewa nusu dakika, kisha tangazo la sabuni.

Hebu ndugu msomaji, leta kamera hiyo huku Lingeka. Tembo kaingia shambani, askari wa wanyamapori wanamfukuza, mkulima kashika mkuki. Nani ataonekana mkatili? Mahindi yaliyoliwa hayalii, na mikesha ya kuyalinda haina picha.

Huruma isiyokamilika mpaka apatikane wa kuzomewa, mimi naiita burudani tu. Nasi tushikao kalamu tuna kamera yetu. Kabla hujamwandika mkatili, umemuuliza kalalaje?